Usimlaumu Kanumba kwa Chenga za VCD

Filamu ya zamani ya Kanumba au King Majuto ikipandishwa mtandaoni, hakosekani wa kusema: "Picha mbovu, zamani hawakujua kazi." Jamani! Huko ni kusoma fotokopi ya fotokopi ya kitabu, halafu ukamlaumu mwandishi kwa wino kufifia.

Tuhesabu. Picha ya VCD ina pikseli 352 kwa 288, yaani kama laki moja hivi. Runinga ya Full HD ina zaidi ya milioni mbili; ya 4K inapita milioni nane. Maana yake pikseli moja ya VCD inatandazwa ijaze nafasi ya themanini. Kwenye TV ya chogo ya inchi 14 hukuona kitu, maana kioo chenyewe kililainisha kingo. Kioo cha leo hakina huruma: sura inageuka vigae, giza linakuwa madoa.

Lakini kamera haikurekodi hivyo. Mkanda wa DV, uliotumika sana enzi hizo, ulibeba pikseli 720 kwa 576, mara nne ya VCD. Robo tatu zilitupwa wakati wa kuibana filamu, na bado sahani moja ilibeba dakika 74 tu. Ndiyo maana filamu ndefu iliuzwa kwa sahani mbili. Kisha mtu akaichukua VCD hiyohiyo, akaibana tena ili aipandishe mtandaoni. Tumeshika makapi, tunalaumu shamba.

Sasa imekuja dawa mpya: programu za akili mnemba "zinazosafisha" picha. Hazirudishi kilichopotea, zinakisia. Zinampaka marehemu ngozi ya plastiki na kumchorea macho yasiyo yake. Kanumba alifariki 2012, Sajuki 2013, Majuto 2018. Hawatarudi kuigiza upya. Uso wa mwigizaji ndio maandishi yake. Mhariri gani anatunga sentensi ndani ya mswada wa marehemu, kisha anasema amesafisha?

Basi wazalishaji na warithi, fungueni makabati. Joto na unyevu wa Dar vinaila mikanda, na mashine za kuichezesha zinaadimika. Ihamisheni kwenye kompyuta ilivyo, bila kuipunguza. Nakala za kutazama zitengenezwe baadaye. Na sisi watazamaji tuache kucheka chenga. Tuulize: mkanda uko wapi?