Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Uganda

Mheshimiwa Waziri,

YAH: ZEBAKI KATIKA NYUMBA ZA TIIRA

Nakuandikia kwa heshima kuhusu akina mama wanaoishi kwa dhahabu ya Tiira, wilayani Busia.

Mama huosha mawe yaliyosagwa juu ya ubao uliotandikwa blanketi, kisha hutia zebaki kwenye beseni na kuikoroga kwa mikono mitupu, pengine mtoto yuko mgongoni. Donge la zebaki na dhahabu linalopatikana huchomwa kwenye mkaa. Zebaki hupaa, dhahabu hubaki. Mvuke ule hauonekani wala haunuki, lakini huharibu neva na figo, na kwa mjamzito sumu hiyo humfikia hata aliye tumboni.

Si ujinga unaomweka pale. Asipouza leo, watoto watalala njaa leo. Madhara ya zebaki huja polepole; njaa haisubiri. Akiugua, atachelewa kutafuta tiba, maana siku bila kazi ni siku bila chakula. Serikali ilifuta ada katika vituo vya umma mwaka 2001, na tunashukuru. Hata hivyo, nauli ya bodaboda ni yake, na dawa zikiisha kituoni hulazimika kununua dukani.

Malaria hupimwa kwa tone la damu, na jibu hupatikana kabla mgonjwa hajaondoka. Zebaki hupimwa kwenye mkojo, katika maabara ambayo mwanakijiji haifikii. Basi mikono ikimtetemeka, atajuaje sababu?

Uganda iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2019. Mkataba huo unadai mpango wa afya kwa wachimbaji wadogo na jamii zao, pamoja na mafunzo kwa wahudumu wa afya. Jukumu hilo ni la wizara yako, si la Wizara ya Nishati na Madini peke yake.

Tunaomba mambo matatu. Kila mjamzito anayehudhuria kliniki katika maeneo ya machimbo aulizwe kama anashika zebaki. Sampuli za mkojo zichukuliwe kijijini na majibu yarudishwe kwa wenyewe. Tatu, vikundi vya akina mama vipewe boraksi ya kuyeyushia dhahabu bila zebaki, vyombo vya kunasa mvuke na mafunzo ya kuvitumia, kabla ya kupelekewa askari. Ukimnyang'anya maskini zebaki bila kumpa njia nyingine, ataichoma ndani, mlango umefungwa, watoto wakiwemo.

Wako mwaminifu,
Mwananchi wa mpakani, Busia