UCHAMBUZI: Muuzaji wa nishati anapofilisika, nani hubeba mzigo?

MWANZONI mwa Aprili 2025, kampuni ya Rebel Energy nchini Uingereza ilifunga milango. Familia takriban 80,000, pamoja na wafanyabiashara wapatao 10,000, zilijikuta ghafla bila muuzaji wa umeme na gesi.

Hata hivyo, hakuna taa iliyozimika wala jiko lililopoa. Katika muda wa siku chache tu, mdhibiti wa sekta hiyo, Ofgem, aliwakabidhi wateja hao wote kwa kampuni kubwa ya British Gas.

Kwa Mkenya aliyezoea kukaa gizani kwa sababu ya transfoma moja kuharibika, hilo huenda likaonekana kama muujiza. Si muujiza bali ni utaratibu uliowekwa kisheria kabla ya msiba kutokea. Lakini utaratibu huo una gharama, na matukio ya miaka ya hivi karibuni yanaonyesha kwamba anayeilipa mara nyingi siye aliyekosea.

Ili kuelewa jambo hili, ni muhimu kwanza kufahamu muuzaji wa nishati ni nani nchini humo. Kampuni kama Rebel haikumiliki nguzo, nyaya wala mabomba. Hayo ni mali ya kampuni nyingine ambazo kazi yake ni kusafirisha umeme na gesi. Muuzaji hununua nishati kwa jumla sokoni, huiuza kwa rejareja na kukusanya bili. Kwa hivyo akianguka, kinachokatika ni mkataba, wala si umeme wenyewe.

Mpangilio huo ndio uliovutia wafanyabiashara wadogo kuingia sokoni kwa wingi. Kufikia mwaka wa 2018, Uingereza ilikuwa na takriban wauzaji 70 wa nishati ya nyumbani. Masharti ya kupata leseni yalikuwa mepesi, na serikali iliamini kwamba ushindani ungeteremsha bei.

Wengi wao walifanya biashara mithili ya mwenye duka anayepokea malipo ya unga wa mwaka mzima kwa bei isiyobadilika, ilhali ghalani hana hata gunia moja. Mahindi yakiwa rahisi, anapata faida. Mahindi yakipanda bei, hana budi kuuza kwa hasara au kufunga duka.

Mwaka wa 2021 mahindi yalipanda. Bei ya gesi katika masoko ya jumla iliongezeka maradufu mara kadhaa kabla ya mwaka kwisha, huku sheria ikiwazuia wauzaji kupita kiwango cha juu cha bei kilichokuwa kimeanza kutumika Januari 2019. Kampuni zilizokuwa zimenunua nishati mapema kwa bei ya makubaliano zilistahimili. Zile ambazo hazikufanya hivyo zilianguka moja baada ya nyingine.

Kati ya Julai 2021 na Mei 2022, kampuni 29 zilisambaratika na kuwaathiri wateja karibu milioni nne. Miongoni mwazo ilikuwa Avro Energy, iliyokuwa na wateja takriban 580,000 ilipoanguka Septemba 2021.

Katika hali kama hiyo, mdhibiti huzialika kampuni zilizosalia zieleze kama zinaweza kuwachukua wateja walioachwa, kisha huteua moja. Mteja hushauriwa asihame, asome mita yake na kuandika tarakimu, kisha asubiri kuarifiwa na muuzaji mpya. Salio lake alilokuwa amelipa mapema hulindwa. Lakini mkataba wake wa zamani wa bei nafuu hufa pamoja na kampuni, na kama alikuwa na deni, deni hilo halifutwi.

Hapa ndipo swali la gharama linapojitokeza. Muuzaji mpya hulazimika kununua nishati ya dharura kwa bei ya siku hiyo, na pia kuheshimu salio la wateja ambalo kampuni iliyokufa ilikwisha kulitumia. Sheria humruhusu kudai fidia, na fidia hiyo hugawanywa katika bili za watumiaji wote nchini.

Mkaguzi Mkuu wa Uingereza, katika ripoti yake ya Juni 2022, alieleza kuwa kuanguka kwa kampuni 28 kati ya hizo kulikadiriwa kugharimu watumiaji pauni bilioni 2.7. Hiyo ni wastani wa pauni 94 kwa kila nyumba, yaani zaidi ya Sh13,000 kwa kiwango cha ubadilishanaji cha wakati huo. Mzee aliyekuwa mteja mwaminifu wa kampuni imara kwa miaka mingi alilipia makosa ya kampuni ambayo huenda hakuwahi hata kulisikia jina lake.

Kampuni ya 29, Bulb, ilikuwa na wateja wapatao milioni 1.6. Ilikuwa kubwa mno kukabidhiwa mwingine kwa siku chache, hivyo mnamo Novemba 2021 iliwekwa chini ya usimamizi maalumu na kuendeshwa kwa fedha za serikali, hadi wateja wake walipohamishiwa Octopus Energy mwishoni mwa 2022.

Kosa kuu, basi, halikuwa kuruhusu kampuni ndogo kuingia sokoni. Kosa lilikuwa kuziruhusu kucheza kamari kwa pesa za wateja. Faida ilipopatikana ilikuwa ya wenye kampuni. Hasara ilipotokea ikawa ya umma. Uingereza ilichelewa kulitambua hilo, na tangu Machi 2025 kampuni zinatakiwa ziwe na mtaji unaolenga pauni 115 kwa kila mteja wa umeme na gesi. Rebel ilianguka muda mfupi tu baadaye, ishara kwamba masharti makali hayamfufui aliyekwisha kudhoofika.

Je, haya yanatuhusu vipi sisi? Wapo watakaosema kwamba Kenya haina tatizo hili kwa kuwa umeme wetu karibu wote huuzwa na Kenya Power. Lakini Sheria ya Kawi ya 2019 ilifungua mlango wa ushindani katika usambazaji na uuzaji wa umeme. Zaidi ya hayo, familia nyingi hazipiki kwa umeme.

Mwishoni mwa Januari 2026, kampuni ya KOKO Networks, iliyokuwa ikiuza majiko na mafuta ya ethanoli kwa zaidi ya familia milioni moja, ilisitisha shughuli zake. Bei yake nafuu ilitegemea mapato ya kuuza hewa ya kaboni katika masoko ya ng'ambo, na kibali cha serikali cha kufanya biashara hiyo hakikupatikana. Mamia ya wafanyakazi walipoteza ajira.

Hiyo haikuwa kampuni ndogo, lakini tofauti na hali ya Uingereza ni ya kutisha. Kule, nyaya na mabomba hutumiwa na wauzaji wote, na yeyote anaweza kuvaa viatu vya aliyeanguka. Hapa, jiko lilitegemea mtungi wa kampuni, mtungi ukategemea mashine ya kampuni katika duka la mtaani, nayo mashine ikategemea mafuta ya kampuni. Mnyororo ulipokatika, hapakuwa na wa kuuunga. Aliyekuwa amenunua jiko alibaki na chombo kisicho na mafuta, akalazimika kutafuta makaa, mafuta taa au gesi.

Hatari kama hiyo inawakabili wanaonunua mitambo ya sola kwa malipo ya kila siku kupitia simu. Mitambo mingi ya aina hiyo hujifunga malipo yakikosekana, na hufunguliwa na kampuni yenyewe. Iwapo kampuni itafilisika, nani atamfungulia mama aliyebakisha malipo ya mwezi mmoja?

Bunge na Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli (EPRA) zingefaa kujibu maswali hayo sasa, kabla ya kampuni nyingine kuanguka. Anayeuzia maelfu ya familia nishati aonyeshe mapema nani atakayewahudumia akishindwa. Pesa ambazo wateja wamelipa kabla ya kuhudumiwa zitengwe na zisiguswe. Vifaa vitengenezwe kwa namna ambayo mwingine anaweza kuvihudumia.

Masharti hayo yataongeza gharama kidogo, na huenda yakawazuia baadhi ya wawekezaji. Lakini gharama hiyo hulipwa kwa vyovyote vile. Waingereza waliikuta katika bili zao. Wakenya waliokuwa wakitumia ethanoli waliikuta jikoni, asubuhi, chai ikiwa haijachemka.