HATI BILA MLINZI

Aliyesomeshwa tarikhi ya Uingereza hakosi kuambiwa kwamba uhuru wa raia ulizaliwa tarehe 15 Juni, 1215, kando ya mto Thames, mahala paitwapo Runnymede, pale Mfalme John alipolazimishwa na makabaila wake kuikubali Hati Kuu. Sisi hatuidharau hati hiyo. Lakini twauliza suala ambalo kila mwanachama wa chama cha siasa hana budi kuliuliza anapooneshwa karatasi ya haki: hao waliopewa haki ni nani?

Kwanza yafaa tuutazame umwinyi wenyewe. William wa Normandy alipoiteka Uingereza mwaka 1066, ardhi yote ilihisabiwa kuwa ni ya mfalme. Yeye aliwagawia wakubwa wake, nao wakamlipa kwa kumpelekea askari wapanda farasi wakati wa vita. Mwaka 1086 alituma watu wake kuandika mashamba, vinu, ng'ombe na hata nguruwe. Raia wakakiita kitabu hicho kwa jina la Siku ya Kiyama, kwa kuwa yaliyoandikwa humo hayakuwa na rufaa.

Chini kabisa alikuwapo mtwana. Hakuwa mtumwa wa mnadani, lakini alifungwa na ardhi, wala hakuweza kuhama bila ya idhini. Alilima shamba la bwana bila ya ujira, mara nyingi siku mbili au tatu kila wiki. Nafaka yake aliisaga katika kinu cha bwana, kwa malipo. Akimwoza binti yake alitoa ada. Akifa, bwana alichukua mnyama aliye bora zizini mwake. Na akidhulumiwa ardhi yake? Alishitaki katika baraza la bwana yule yule, ambalo faini zake ziliingia mfukoni mwa bwana. Mahakama za mfalme hazikumsikiliza katika jambo hilo. Huo ndio umwinyi: mwenye ardhi ndiye hakimu, na ndiye serikali.

Sasa tuitazame Hati Kuu. Kifungu cha 39 chakataza mtu huru kukamatwa, kufungwa au kunyang'anywa mali ila kwa hukumu ya wenzake au kwa sharia ya nchi. Maneno ni mazuri. Lakini mtwana hakuwa mtu huru. Ni kweli kwamba kifungu cha 20 kilimkumbuka, kikataza asitozwe faini ya kumpotezea riziki ya kilimo chake. Lakini hati ilipotolewa tena mwaka 1217, iliongezwa kwamba anayekusudiwa ni mtwana wa mtu mwingine, si wa mfalme mwenyewe. Basi alilindwa kama alindwavyo ng'ombe, ili mali ya mwenyewe isiharibiwe na mkubwa mwenziwe.

Hata hivyo, makabaila walijua jambo moja ambalo wanyonge hawakulijua. Hawakuridhika na muhuri wa mfalme. Katika kifungu cha 61 waliweka watu 25 miongoni mwao wamchunge, na akivunja ahadi wazitwae ngome na ardhi zake. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule Papa Innocent wa Tatu aliitangua hati, na vita vikazuka. Lakini makabaila hawakutawanyika, na hati ikatolewa upya mwaka 1216, 1217 na 1225.

Baada ya miaka 166 ikaja zamu ya wanyonge. Tauni iliyoingia mwaka 1348 iliua watu wengi mno, vibarua wakawa haba, wakadai ujira zaidi. Mwaka 1351 Bunge la wenye ardhi likapitisha sharia ya kuurudisha ujira uwe kama ulivyokuwa kabla ya tauni. Tena ikafuata kodi ya kichwa. Juni 1381 watu wa Essex na Kent waliinuka, wakaingia London, na katika mashamba mengi wakazichoma daftari za mabwana, maana humo ndimo utwana wao ulimoandikwa. Tarehe 14 Juni, Mfalme Richard wa Pili, kijana wa miaka 14, aliwaahidi pale Mile End kwamba utwana umekwisha. Makarani wakaandika hati, na wengi wakazipokea, wakafurahi, wakarejea makwao. Siku ya pili kiongozi wao, Wat Tyler, aliuawa mbele ya mfalme. Tarehe 2 Julai hati zote zikafutwa.

Utwana ulikuja kufa polepole katika miaka mia na zaidi iliyofuata, kwa kuwa wakulima waliendelea kukataa kazi za bure na kuhama, mpaka mabwana, kwa uhaba wa watu, wakakubali kodi ya fedha.

Ndugu wanachama, ahadi ni deni, na deni lisilodaiwa halilipwi. Kila tuletewapo karatasi ya haki tuisome kwa masuala mawili. Nani ametajwa humo, na nani ameachwa? Na ikisha kutiwa saini, nani atailinda? Ikiwa jawabu ni yule yule aliyeahidi, basi kazi yetu haijesha. Mikutano ya matawi iendelee, ada zilipwe, daftari za wanachama zitunzwe. Watu wa Mile End walishinda asubuhi, wakashindwa kwa kurejea makwao mapema.