Usiyemjua Mwandikie kwa Cheo

Vijana wetu wanaotafuta kazi huandika barua safi, vyeti wakaviambatisha, kisha wakaitia doa barua yote kwa neno la kwanza: "Bwana". Ni nani aliyewaambia kuwa anayekalia kiti kile ni bwana? Tangu Machi 2021 Rais wa Tanzania ni mwanamke, na bado tunaandika kana kwamba kila ofisi ina mwanamume!

Nawasihi: usiyemjua, msalimu kwa cheo chake. "Ndugu Mkurugenzi", "Ndugu Katibu", inatosha. Ndugu ni mke na ni mume, na tangu enzi za TANU waziri na mkulima wameitwa hivyo hivyo. Wapo wanaoona haina heshima, wakakimbilia "Mheshimiwa". Lakini Mheshimiwa ana wenyewe: wabunge, mawaziri, mahakimu. Ukimbandika afisa utumishi usiyewahi kumwona, ataona unambembeleza kabla hajajua unataka nini.

Tena fikirini safari ya barua yenyewe. Ikifika ofisi ya serikali hupokewa masijala, hupigwa muhuri wa tarehe, huingizwa kwenye jalada, ndipo hupelekwa kwa mhusika. Watumishi huhamishwa, hustaafu, huenda likizo, cheo hubaki. Barua iliyoandikiwa cheo itafunguliwa na yeyote anayekaimu. Iliyoandikiwa jina la mtu aliyekwisha kuhamia mkoa mwingine yaweza kudhaniwa ni yake binafsi, ikawekwa kando kumngoja, na siku ya mwisho ya maombi ikapita. Anayeumia ni mwombaji, naye hatajua kamwe sababu.

"Kwa yeyote anayehusika" nayo ina mahali pake. Inafaa barua ya utambulisho ambayo mtendaji wa mtaa humpa mkazi, maana leo ataipeleka benki na kesho kwingine. Katika barua ya maombi ni uvivu, kwa sababu mhusika yupo na anatafutika.

Matangazo mengi ya kazi humtaja. Ya Sekretarieti ya Ajira, kwa mfano, huelekeza barua kwa Katibu. Lisome tangazo hadi mstari wa mwisho. Lisipomtaja, piga simu mapokezi uulize ni nani anayepokea maombi, kwa cheo. Na wakikutajia jina pia, waombe wakusomee herufi moja moja.