Zile mashini hazijakufa, zinakosa piloti



Karibu ninyi wote munajua zile kompyuta 4 zinazolala kwenye kabati ya depo, zimefunikwa na kitambaa. Zilifika kwetu kama zawadi mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Sasa semestri ya kwanza imekwisha na hakuna mwanafunzi aliyezitumia hata siku moja. Watu wanasema: «Zile mashini zimekufa.» Tumesikia vile vile kama komite ya wazazi itakutana kisha Pasaka, na kwamba wengine watatoa shauri ziuzwe kwa bei yoyote, feza iingie kwa ekonomu.

Sisi wanafunzi wa darasa la sita, seksio ya informatiki, tunaomba nafasi katika gazeti letu ili tuseme neno kabla shauri hilo halijakatwa. Neno lenyewe ni hili: zile mashini hazijakufa. Zinakosa piloti. Na wenye kosa si mashini, ni sisi.

NAMNA TULIVYOKOSA

Zilipofika, kila moja ilikuwa na Windows 10 ndani na ilitembea vizuri. Lakini sisi tulizoea Windows 7. Kozi zetu zimeandikwa kwa Windows 7. Programu ya pointi ambayo Mama Sekretere anatumia kwa kutosha bultini inakubali Windows 7 tu. Tena ile Windows 10 ilikuwa inakula mega za shule bila kuomba ruhusa. Basi tukasema: tuifute, tuweke ile tunayoijua. Disku yake tulikuwa nayo, tukaipitisha kwenye flashi. Na kwa haraka yetu tukafuta diski za mashini zote 4 mbele ya kujaribu hata moja.

Mashini ya kwanza iliwaka vizuri. Alama ya Windows ikatokea, kisha ekrani ikatuuliza luga. Hapo njo mambo yakasimama. Klavye haikuandika, suri haikutembea. Tukabadilisha klavye, ni vile vile. Mashini ya pili, vile vile. Ya tatu iko na lile tundu la duara la zamani, la PS/2. Tukaazima klavye ya zamani, tukaendelea hatua moja, halafu ikatuambia kama piloti ya kisomeo cha CD/DVD inakosekana. Tukashangaa sana. CD gani tena, na sisi tunatumia flashi?

Tulinunua flashi nyingine. Tulinakili disku mara tatu. Fundi mmoja akaziangalia dakika kumi, akasema karte-mama zimeungua, akaomba feza ya kuzibadilisha. Ekonomu alikataa, na leo tunamshukuru. Lakini kutoka siku ile jina likabaki: mashini za kufa.

PILOTI NI NINI?

Kompyuta iko na sehemu nyingi: ekrani, diski, sauti, karte ya rezo, matundu ya USB. Kila sehemu iko na luga yake, na sistemu kama Windows haiwezi kuzijua zote. Piloti, ambayo wengine wanaita drayiva, ni programu ndogo inayosimama katikati kama mkalimani. Mgeni akisema mbele yetu bila mkalimani, hatusemi kama yeye ni bubu. Tunatafuta mutu anayejua luga yake. Kwa mashini tulisahau kufanya hivyo.

Sasa angalieni miaka. Windows 7 ilitoka tarehe 22 Oktoba 2009. Kanuni za USB 3.0 zilikuwa zimetangazwa Novemba 2008, lakini piloti yake haikuwekwa katika disku ya Windows 7. Kwa miaka kadiri hakuna aliyeona shida, sababu mashini zilibeba vyombo viwili vya USB, cha zamani na kipya, na Windows 7 ilipita kwa kile cha zamani. Mwaka 2015 kampuni ya Intel ilitoa prosesere za kizazi cha 6, na kwa mashini hizo chombo cha zamani kiliondolewa. Matundu yote ya USB, hata yale ya klavye na suri, yanapita sasa kwa chombo kipya.

Mashini zetu 3 ni za kizazi hicho. Kwa hiyo tunafahamu sasa yaliyotupata. Mwanzoni ni BIOS ya mashini inayosoma flashi, nayo inajua USB. Kisha Windows inachukua kazi mkononi mwake, na kwa dakika ile inakuwa kipofu: haioni klavye, haioni suri, haioni hata flashi ambamo yenyewe imetoka. Ile habari ya CD/DVD ilikuwa namna yake ya kusema kama haioni tena fasi ilikotoka. Hakuna kitu kilichoungua.

NJIA TULIYOFUATA

Mwezi uliopita, kwa ruhusa ya Bwana Prefe, tulitoa mashini moja katika kabati na kuanza upya pamoja na mwalimu wetu. Tunaandika hapa njia hiyo ili mwenye kuja nyuma yetu asipoteze semestri.

Kwanza, tuliandika jina na namba ya modeli kama zilivyo kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mashini. Piloti inatafutwa kwa namba ile, kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza mashini, wala si fasi ingine. Mwalimu alitupatia mega zake, tukapata piloti ya USB 3.0 ya Intel kwa Windows 7.

Pili, kwa mashini moja ya zamani ya sale, ambayo ni nzima, tulinakili disku ya Windows 7 katika dosye, na kwa amri ya DISM tukaingiza ile piloti ndani. Angalieni vizuri: iko fasi mbili za kuiingiza. Ya kwanza ni faili ya boot.wim, inayotumika wakati wa kuweka sistemu, nayo iko na picha mbili ndani. Ingizeni kwa zote mbili. Ya pili ni install.wim, ile inayobaki katika diski. Mwenye kusahau hii ya pili ataweka Windows mpaka mwisho, halafu siku ya kwanza ya kuitumia klavye itakataa tena. Sisi tulisahau, na tulirudilia kazi nzima.

Tatu, katika BIOS tulifunga Secure Boot, sababu Windows 7 haiijui, na tukafungua CSM, ile namna ya kuwasha mashini kama zamani.

Safari hii klavye ikaandika. Tulipiga kelele mpaka darasa la jirani wakakuja kuangalia.

Lakini kazi haikuisha. Ekrani ilionyesha herufi kubwa kubwa, sauti hakuna, rezo hakuna. Mutu akifungua orodha ya vyombo katika Windows anaona alama za njano, na akizigusa anasoma kodi 28, maana yake piloti haijawekwa. Hapo wengi wanakata tamaa, sababu chombo chenyewe hakina jina. Kumbe kiko na kitambulisho. Katika maelezo ya chombo iko mustari unaoanza na VEN, na herufi zinazofuata zinasema ni nani aliyekitengeneza: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 1022 ni AMD, 10DE ni NVIDIA. Namba inayofuata DEV inasema ni chombo gani. Kwa namba hizo mbili mutu anaweza kutafuta bila kubahatisha.

Anzeni na karte ya rezo, na piloti yake muilete kwa flashi, sababu mashini isiyo na rezo haiwezi kujitafutia zingine. Piloti ikikataliwa kwa sababu ya sinyatire, musikimbilie kufunga ulinzi wa Windows. Piloti za miaka ya karibu zimetiwa sinyatire ya namna ya SHA-2, na Windows 7 ya zamani haiwezi kuisoma mpaka ipate nyongeza ya Microsoft, kama ile ya KB4474419 ya mwaka 2019.

Na tafazali, muache zile programu zinazojisifu kama zitatafuta piloti zote kwa mara moja. Nyingine zinaleta virusi, nyingine zinaomba feza.

FASI NJIA INAPOKWISHA

Kwa njia hii mashini 3 zinaweza kutembea kwa Windows 7. Ile ya ine ilitushinda, na ni vema tuseme sababu. Prosesere yake ni ya kizazi cha 7. Kwa kizazi hicho Intel haikutoa piloti ya ekrani kwa Windows 7, na mwaka 2017 Microsoft ilianza kuzuia nyongeza za Windows 7 kwa mashini za namna hii. Diski yake nayo ni ya NVMe, ambayo disku ya Windows 7 haiioni bila kuongezewa piloti yake. Ukali wetu hautazaa mkalimani asiyekuwepo.

SHAURI LETU

Sasa tuko na ulizo moja kubwa: kama tunaweza, je, inafaa? Wenzetu wengine wanasema: «Mumekwisha kujua njia, wekeni Windows 7 fasi yote na tusome.» Tunafahamu sababu zao, ni zile zile zilizotukosesha sisi. Lakini Microsoft iliacha kuitunza Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na hata ulinzi uliokuwa unalipiwa ulikwisha Januari 2023. Nyumba isiyotengenezwa tena kufuli lake inaweza kubaki nyumba, lakini hatuweki ndani yake pointi za wanafunzi wote na kuacha mulango wazi kwa rezo. Na flashi zetu, zinazotoka kwa sibere moja kwenda nyingine, zinabeba nini? Kila mutu ajiulize.

Wengine wanasema turudishe Windows 10. Nayo ilifika mwisho wa kutunzwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo iko na orodha ya prosesere inazokubali, na zile za kizazi cha 6 haziko ndani.

Kwa hiyo, kwa heshima yote mbele ya Bwana Prefe, walimu na wazazi, tunatoa shauri hili.

Mashini zisiuzwe. Anayezinunua leo kwa bei ya mashini za kufa atakuwa amepata mashini nzima, na shule itakuwa imeuza masomo yetu.

Mashini moja ibaki na Windows 7 kwa ile programu ya Mama Sekretere tu, wala isiunganishwe na rezo hata siku moja. Siku shule itakapopata mashini yenye nguvu zaidi, hata hii haitakuwa ya lazima: iko programu kama VirtualBox inayotengeneza kompyuta ya kuiga ndani ya kompyuta mpya, na vyombo vyake vya kuiga ni vya namna ambayo sistemu ya zamani inajua.

Zile 3 zingine ziwekewe Linux. Hatusemi hivi juu ya kufuata mode. Kwa Linux piloti nyingi zinasafiri ndani ya sistemu yenyewe. Ilipokea USB 3.0 Septemba 2009, mwezi mmoja mbele ya Windows 7 kutoka bila piloti hiyo. Tena inaweza kujaribiwa kwa flashi bila kugusa diski. Tulijaribu kwa ile mashini ya ine: ekrani, sauti na rezo vilikubali siku ile ile. Kweli, tutajifunza meni mpya, na kozi zitaomba kurekebishwa. Tunajua ni kazi kwa mwalimu wetu, na tuko tayari kumusaidia kuzinakili. Lakini mwenye kufahamu kuandika barua na kutengeneza tabulo kwa programu moja hatapotea kwa ingine.

Mwisho, kuwe na kaye moja katika sale ya informatiki, na ndani yake kila mashini iwe na ukurasa wake: modeli, prosesere, diski, karte ya rezo, na fasi piloti zake zilipotunzwa. Na iwe sheria kwa wote, wakubwa na wadogo: hakuna kufuta sistemu ya mashini mbele ya kukusanya piloti na kujaribu kwa mashini moja tu. Kama sheria hiyo ingekuwepo mwezi wa Septemba, tungalikuwa tumesoma semestri nzima.

Wenzetu, mashini za zamani za sale zinazotembea ni 5, na sisi tuko 38. Kila mmoja anapata dakika chache kwa juma, na mwisho wa mwaka tutaulizwa mazoezi kama wale wa shule zingine. Egzamini ya Leta haitatuuliza kama mashini zetu zilikuwa katika kabati. Haraka haraka haina baraka, na haraka hiyo ilikuwa yetu. Tunaomba musiongeze haraka ya pili, ile ya kuuza.

Mwenye mawazo mengine aandike katika namba inayokuja. Tutayasoma kwa moyo mweupe.

Ni sisi,
wanafunzi wa darasa la sita, seksio ya informatiki