Negatifu zinazonuka siki

Wengi wetu hapa Kamalondo tuko na negatifu za baba zetu ndani ya kopo la biskuti. Tuzinuse kwanza. Ile inayonuka siki ya saladi imeanza kuoza na haina dawa: ipite kwenye skana mbele ya zingine, kwa nukta 2400 kwa inchi. Tuishike kando-kando. Vumbi tusipulize na mdomo, mate yanaacha alama.

Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi, alitengeneza «Mémoire» mwaka 2006 akitumia picha za zamani za wafanyakazi wa migodi. Zile kampuni ilizihifadhi. Harusi zetu je? Kambo akiwa bado anaona vizuri, akae karibu na skana, ataje majina, tuandike siku ileile.