Diski ya Kompyuta na Kimo cha Mlima

Mtu atakaye kuiboresha kompyuta yake ya zamani mara nyingi huuliza mambo mawili tu dukani: diski inahifadhi kiasi gani, na bei yake ni ngapi. Kwa mkazi wa Moshi na vijiji vya mteremko wa Kilimanjaro maswali hayo hayatoshi. Yapo mawili mengine yapasayo kutangulia: diski itafanya kazi kwenye kimo gani, na kumbukumbu zitasalimika vipi siku itakapoharibika?

Diski ya kawaida ni chombo cha mwendo. Ndani yake mna sahani zilizopakwa maada ya sumaku, zizungukazo mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kichwa cha kusomea hakizigusi. Huelea juu yake kwa nguvu ya hewa iendayo na mzunguko huo, katika nafasi iliyo nyembamba kuliko unywele mara maelfu. Sauti ya kuvuma na kugonga ni ya mota na ya mkono ubebao kichwa hicho. Kuchelewa nako hutoka hapo hapo, kwa kuwa kila habari itakiwapo, mkono hauna budi kusogea na sahani kungojewa izunguke.

Hewa hupungua kadiri mtu apandavyo mlima. Mjini Moshi, kwenye kimo kisichofika meta 1,000, hakuna tatizo. Hata Marangu, Kibosho na Machame diski hiyo hufanya kazi vema. Lakini diski nyingi za aina hii zimewekewa na watengenezaji mpaka wa meta 3,000 hivi. Vibanda vya Horombo viko meta 3,720, na kilele cha Uhuru meta 5,895, ambako kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani. Huko kichwa chaweza kukosa hewa ya kukiinua, kikaikwaruza sahani, na habari zikapotea. Hatari hiyo si ya vitabuni tu. Mwaka 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania lilifikisha intaneti ya kasi mlimani, na tangu hapo sababu za kupanda na kompyuta zimeongezeka.

Diski ya pili, iitwayo madukani SSD, haina sahani wala mota. Habari hukaa katika vipande vya silikoni kama chaji za umeme. Kwa hiyo haitoi sauti, haitegemei hewa, huvumilia mitikisiko ya barabara, na huipata habari kwa muda mfupi zaidi mara nyingi.

Wapo wasemao kuwa SSD ni ghali. Ni kweli kwamba kwa nafasi ileile bei yake huwa kubwa zaidi. Lakini chama cha msingi cha wakulima wa kahawa kinachotunza orodha ya wanachama, mizani na malipo hakihitaji nafasi kubwa. Hasara kubwa zaidi ni kununua kompyuta mpya, hali ya kuwa kilichoifanya ile ya zamani kuwa nzito ni diski yake tu.

Hata hivyo, SSD si kinga ya kila balaa. Diski ya sahani pengine hutoa mlio usio wa kawaida kabla ya kufa. SSD yaweza kunyamaza ghafla, na ikiachwa miaka mingi bila umeme yaweza kupoteza ilichopewa. Basi yafaa SSD iwe ya kazi za kila siku. Diski ya zamani, ikipimwa na kuonekana nzima, itiwe katika kasha lake, ichukue nakala kila juma, na ihifadhiwe katika nyumba nyingine huko huko bondeni.

Gharama ya diski hulipwa mara moja. Hesabu za mavuno ya msimu mzima zikipotea, mkulima hana mahali pa kuzinunua.